JERAHA LA NAFSI HALIPONI KWA KUNYAMAZISHWA



Kuna neno moja ambalo twalisikia kila mahali, tangu Kinsevere hata Lubumbashi, nyumbani, kazini, kilioni, na hata mlangoni pa kanisa: "Sahau, yamekwisha." Mtu aliyeona baba yake akipigwa risasi huambiwa: Sahau. Mwanamke aliyetendwa jeuri na wenye bunduki huambiwa: Sahau. Mchimbaji aliyefukuliwa hai chini ya udongo, wenzake wakafa ubavuni pake, huambiwa: Sahau, mshukuru Mungu kwa kuwa wewe u mzima. Twajua ya kuwa mara nyingi neno hili husemwa kwa huruma. Lakini leo twataka kusema wazi kwamba ni neno baya. Haliponyi mtu. Huwafunga watu midomo tu, likawaacha waoze ndani kwa ndani.

Tena neno hili huwaangukia watu wazima zaidi. Mtoto akilia usiku, mama huamka akamshika. Mtu mzima akilia usiku, mkewe huona haya, jirani hucheka, naye mwenyewe hujilaumu: "Mimi baba wa watu, nalia kwa sababu gani?" Basi asubuhi hujifuta uso akaenda kazini. Hao watu wazima ndio tunaowatetea katika karatasi hizi.

NCHI YENYE VIDONDA

Nani huku Katanga asiye na jambo la kusahau? Wazee wetu waliona vita vya mwaka 1960 mpaka 1963, Katanga ilipojitenga. Mwaka 1992 na 1993 jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu wakalala katika vituo vya gari la moshi, wakingojea kupelekwa katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa macho, na wengine wao wakafa kabla ya kufika. Baadaye vikaja vita katika sehemu za Manono, Mitwaba na Pweto, hata watu wakaziita Pembetatu ya Mauti. Mwezi wa Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia katika Lubumbashi yenyewe, na watu wakauawa mjini mchana.

Hebu tutazame mahali pamoja tu, ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Kilwa ni mji mdogo kando ya ziwa Mweru, yapata kilomita 350 kaskazini ya Lubumbashi. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji huo. Jeshi la serikali likaurudisha, kisha likawageukia wenyeji. Watu zaidi ya 70 walikufa, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema ya kuwa 28 kati yao, kwa uchache, waliuawa pasipo hukumu. Magari na ndege za kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba madini karibu na hapo, huko Dikulushi, zilitumika kuwabeba askari. Kampuni ilikana kosa, ikasema kwamba jeshi lilizichukua kwa amri. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaondolea askari na watumishi watatu wa kampuni mashtaka ya mauaji yale.

Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga mgodi wa kisasa wa hapa Kinsevere, kabla ya kununuliwa na MMG mwaka 2012. Hatuyasemi haya ili tufungue hukumu mpya katika gazeti. Kazi ya kuhukumu ina wenyewe. Twayasema ili msomaji wa Kinsevere asidhani kwamba Kilwa ni habari ya watu wa mbali. Njia ya shaba ni moja, na watu wa Katanga ni wamoja.

Mambo hayakuishia pale. Watetezi wa wahanga walipeleka shauri mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, nchi ya Gambia. Mwaka 2016 Tume ikakata shauri, na mwaka 2017 uamuzi ukatangazwa. Serikali ya Kongo iliambiwa iwalipe wahanga wanane na jamaa zao dola 2,500,000, iwaombe radhi watu wa Kilwa, ifukue maiti zilizotupwa, izizike kwa heshima, ijenge ukumbusho, ijenge upya shule na hospitali, tena iwapatie watu walioumizwa matibabu ya jeraha la nafsi.

Msomaji, tia alama penye neno hilo la mwisho. Wale waamuzi hawakusema: Wasahau. Walisema: Watibiwe. Jeraha la nafsi limewekwa katika hesabu pamoja na nyumba iliyobomolewa na maiti isiyozikwa. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kumtibu mtu huyu si sadaka ya mwenye moyo mwema. Ni deni. Na deni halisahauliwi kwa kuwa mdai amenyamaza.

Nayo miaka ikapita baada ya uamuzi ule, wahanga wakangojea. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ile ya Kilwa alitimiza miaka 28 mwaka 2024. Huenda ana mke na watoto. Ni mtu mzima. Nani aliyemwuliza analalaje?

JERAHA HILI NI NINI?

Wasomi huliita trauma. Wengine hudhani ni neno kubwa la Kizungu lenye siri. Sivyo. Ni neno la Kigiriki, na maana yake ni jeraha tu.

Mtu amewekewa mlinzi ndani ya mwili wake. Hatari ikija, mlinzi huamka: moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia miguuni na mikononi, ili mtu akimbie au apigane. Hatari ikipita, mlinzi hulala tena. Lakini hatari ikiwa kubwa mno, na mtu asiweze kukimbia wala kupigana, mara nyingine yule mlinzi hakubali tena kulala. Huamka kwa kila sauti. Mwamba ukipasuliwa kwa baruti mgodini, watu mia husema, "Ni kazi," na mmoja hujitupa chini. Msimcheke huyo. Wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Zipo dalili za kutambulika. Mambo yaliyopita humrudia mtu, usiku katika ndoto na mchana akiwa macho, si kama kumbukumbu bali kama kwamba yanatukia sasa hivi. Huyakwepa mahali, watu na maneno yanayomkumbusha. Hujiona mchafu, au mwenye hatia, au aliye peke yake duniani, na furaha za zamani hazimgusi tena. Hukasirika upesi, hushtuka upesi, usingizi humkimbia. Baada ya msiba mkuu karibu kila mtu hupatwa na haya kwa muda, na walio wengi hupona wenyewe wakiwa na ndugu na amani. Lakini dalili zikizidi mwezi mmoja na kuharibu kazi na nyumba ya mtu, basi huo ni ugonjwa. Mwaka 1980 waganga wa Marekani waliuandika katika kitabu chao cha magonjwa. Ulikuwapo kabla ya kuandikwa, kama malaria ilivyokuwapo kabla ya mtu kumjua mbu.

TUNAOPINGANA NAO

Wa kwanza ni hao wa "Sahau". Hao hawajui kwamba mtu hasahau kwa kukimbia. Mtu aliyeona mauaji sokoni huliepuka soko. Siku ya kwanza akiliepuka, moyo hutulia, naye husema, "Nimefanya vema." Kumbe amemfundisha yule mlinzi wa ndani ya kuwa soko ndilo adui. Kesho ataiepuka njia ya soko. Kesho kutwa ataiepuka mitaa yote yenye watu wengi. Mwisho atakaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na hofu itakuwa imepanda juu ya kitanda chake. Je, huko ndiko kusahau?

Wa pili ni hao wanaosema, "Ni pepo," au, "Ni uchawi wa jamaa." Mtu asiyelala hupelekwa kwa mwombezi, akafungishwa siku nyingi bila chakula, akapigiwa kelele usiku kucha, na mara nyingine akafungwa kwa kamba. Sisi twaiheshimu sala, nasi twasali. Lakini sala haijamwamuru mtu yeyote kumpiga mgonjwa. Mtu aliyefungwa na askari akiwa kijana, leo unamfunga tena kwa jina la kumponya! Wewe umeongeza jeraha juu ya jeraha, kisha unapokea sadaka.

Hapa twaongeza neno kwa watu wa kanisa letu wenyewe. Wako wanaomwambia mwanamke aliyetendwa jeuri: "Nenda ukaungame." Akaungame nini? Dhambi ni ya aliyetenda, siyo ya aliyetendwa. Kitubio ni kwa ajili ya dhambi; jeraha lina dawa yake. Tena wako wanaomwambia, "Samehe leo, utapona leo." Msamaha ni tunda, na tunda halivunwi siku ya kupanda. Anayemlazimisha majeruhi kusamehe upesi, mara nyingi anataka yeye mwenyewe asisumbuliwe tena na kilio chake.

Wa tatu ni wenye dawa ya chupa na ya vidonge. Lutuku huleta usingizi, ndiyo, lakini usingizi huo hauponyi, nao huzaa ugomvi, umaskini na mauti. Vidonge vya kulevya usingizi, vinavyouzwa ovyo sokoni kama karanga, si dawa ya jeraha hili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vidonge vya namna hiyo, kama vile diazepam ambayo wengi huiita Valium, wasipewe watu wazima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio ili kutuliza dalili hizi. Yule anayeviuza kwenye meza ya mtaani amesoma wapi?

Wa nne ni watu wa semina ya siku moja. Hufika na gari zuri. Huwakusanya watu chini ya mwembe, huwaambia kila mmoja aeleze mbele ya majirani mabaya yote aliyotendwa, hupiga picha, hugawa soda, huandika majina, huondoka. Jioni ile mtu anabaki na kidonda kilichofunguliwa, wala hakuna wa kukifunga. Na majirani sasa wanazijua siri zake. Hili nalo limechunguzwa. Shirika la Afya Duniani linakataa desturi hii ya kuwasukuma watu waeleze yote mara moja baada ya msiba. Haraka haraka haina baraka.

Wa tano ni wale wanaosema, "Wape fedha, watanyamaza." Fedha ni haki yao, nasi hatusemi wasipewe. Aliyenyang'anywa arudishiwe. Lakini fedha haimwambii mlinzi wa ndani kwamba vita vimekwisha. Mtu anaweza kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bado kulala nyuma ya mlango akishika panga.

MTABIBU MWEMA AFANYAJE?

Basi, kama hayo yote si dawa, dawa ni ipi? Wengine hudhani mtabibu wa nafsi ana maneno ya siri. Hana. Ana kazi, na kazi hiyo ina utaratibu. Daktari mmoja wa Marekani, Judith Herman, aliueleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1992. Alisema kupona kuna hatua tatu: usalama; kukumbuka na kuomboleza; kurudi kati ya watu. Tuzitazame moja moja.

Hatua ya kwanza ni usalama. Mtabibu mwema haanzi kwa kuuliza, "Walikufanya nini?" Huanza kwa kuuliza: Unalala wapi? Umekula? Aliyekuumiza yuko wapi leo, je, mnakaa nyumba moja? Kidonda hakifungwi kisu kikiwa bado ndani. Kisha humfundisha mtu kuutuliza mwili wake: kuvuta pumzi polepole, kuweka miguu chini na kuihisi ardhi, kutaja vitu anavyoviona mbele yake ili ajue ya kuwa yuko hapa, leo, wala hayuko kule, siku ile. Humweleza maana ya dalili zake. Ni ajabu jinsi mtu mzima anavyopata nguvu akiambiwa tu, "Wewe huna wazimu. Umejeruhiwa, na jeraha hili lajulikana." Tena mtabibu hutunza siri, naye huomba ruhusa kwa kila hatua. Kwa nini? Kwa sababu siku ile ya uovu mtu huyu hakuombwa ruhusa. Kumrudishia uwezo wa kusema ndiyo au hapana ni sehemu ya dawa yenyewe.

Hatua ya pili ni kukumbuka na kuomboleza. Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na watu wa "Sahau", na pia na watu wa semina. Mtabibu haharakishi, wala haachi. Ipo njia moja iliyoanzishwa na wataalamu wa Ujerumani, ambayo mtu yeyote wa kijijini anaweza kuifahamu. Huchukua kamba, huitandaza chini: hiyo ni maisha yako, tangu kuzaliwa hata leo. Penye jambo jema weka ua. Penye jambo baya weka jiwe. Mtu huona kwa macho yake ya kuwa maisha yake si jiwe moja tu. Kuna maua kabla ya jiwe, na kuna kamba baada ya jiwe. Kisha, siku baada ya siku, husimulia maisha yake kwa utaratibu, na kila afikapo kwenye jiwe husimama: Ilikuwa wapi? Mwaka gani? Uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisi nini? Na sasa unaposimulia, unahisi nini? Mtabibu huyaandika, humsomea tena. Polepole kumbukumbu iliyokuwa ikizurura kama mbwa mwenye kichaa hupewa mahali pake na tarehe yake. Ilitukia. Haitukii tena.

Iko njia nyingine, ya Patricia Resick, mtaalamu wa Marekani, inayoshughulika zaidi na mawazo yaliyokwama. Mama husema, "Ni kosa langu. Kama nisingalimtuma mtoto kisimani, angalikuwa hai." Mtabibu hamwambii, "Nyamaza, si kosa lako." Humwuliza: Asubuhi ile ulijua ya kuwa askari wanakuja? Ungaliwezaje kujua? Kila siku ulimtuma nani kisimani? Ni nani aliyeshika bunduki? Mama huyo huipima mwenyewe hukumu aliyojikatia, akaona kwamba haikuwa na shahidi. Ndipo aweza kumlilia mtoto wake. Maana yule aliyejifanya mshtakiwa hana nafasi ya kuomboleza.

Na kuomboleza ni lazima. Sisi watu wa Katanga twajua kilio ni nini. Twalala nje, twaimba, twala pamoja, kisha siku ya kumaliza kilio watu hurudi makwao. Lakini mtu ambaye maiti ya ndugu yake ilitupwa shimoni, kilio chake hakikuanza, basi kitaishaje? Ndiyo sababu wale waamuzi wa Banjul walitaja makaburi na matibabu katika uamuzi mmoja. Walifahamu.

Hatua ya tatu ni kurudi kati ya watu: kurudi kazini, kurudi katika ndoa, kurudi sokoni, kuwa tena mtu ambaye wengine humtegemea. Mtabibu hamweki mgonjwa kwake milele. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999 na kupewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, hakuridhika na kushona miili ya wanawake. Aliunganisha mambo manne: kutibu mwili, kutibu nafsi, kumsaidia mtu mbele ya sheria, na kumwezesha kupata riziki. Mtu ni mmoja. Ukitibu robo yake tu, robo tatu zitaendelea kuuma.

"HAYO NI YA WAZUNGU"

Sasa twasikia mtu akisema: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Mwafrika hana haja ya kukaa kitini na kueleza habari zake kwa mgeni." Twamjibu kwa mambo mawili yaliyofanyika huku kwetu Afrika.

La kwanza lilikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchi ya Uganda. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, walifuatiliwa. Waliowasaidia hawakuwa waganga wenye shahada. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi. Habari ilitolewa mwaka 2008. Kati ya waliotumia njia ile ya kusimulia maisha, 70 katika kila 100 hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa. Kati ya waliopewa ushauri wa namna nyingine, 65. Kati ya wasiopewa tiba, 37 tu.

La pili lilifanyika hapa Kongo, katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliotendwa jeuri, nalo likaandikwa mwaka 2013. Wanawake 157 walifuata njia ya Resick, wakikutana kwa vikundi. Wengine 248 walipewa msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za huzuni kuu au wasiwasi mkuu walikuwa 9 katika 100 kwa wale wa vikundi, na 42 katika 100 kwa wale wengine. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, na vita vilikuwa havijatoka katika nchi yao. Hata hivyo wakapona. Na waliowahudumia walikuwa wanawake wa kwao, wenye elimu ya miaka michache baada ya shule ya msingi, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri.

Basi aseme tena mtu kwamba dawa hii si ya kwetu! Kwinini nayo ilitoka nchi nyingine, na hakuna anayeikataa kwa homa.

TUNATAKA NINI?

Twasema kwanza na wenye mamlaka. Uamuzi wa Kilwa utimizwe wote, na neno la matibabu lisiachwe nyuma. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka haki za wahanga wa jeuri na wa vita, na mfuko wa FONAREV umewekwa ili kuwalipa fidia, ukipata sehemu ya mrabaha wa madini. Vema. Shaba ya nchi hii ilipita juu ya machozi; ni haki sehemu yake irudi kuyafuta. Lakini fedha hizo zisiishie katika ofisi za Kinshasa na katika semina. Kila kituo cha afya, hata cha kijijini, kiwe na mtu mmoja aliyefundishwa kazi hii kwa miezi, siyo kwa saa, na mwenye msimamizi wa kumwuliza. Nakivale na Kivu zimeonyesha kwamba yawezekana.

Twasema na wenye kampuni na wenye vyama vya wachimbaji, wakubwa na wadogo, pasipo kumtaja mmoja. Shimo likiporomoka, msihesabu waliokufa tu. Wahesabuni na waliotoka hai. Sanduku la maiti na mfuko wa unga havitoshi. Yule aliyewachimbua wenzake kwa mikono yake asirudishwe shimoni kesho yake kama kwamba hakikutukia kitu. Apewe siku, apewe mtu wa kusema naye, wala asifukuzwe kazi kwa sababu mikono yake inatetemeka.

Twasema na mapadre, wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha wagonjwa wa akili chenye jina la Daktari Joseph Guislain, kazi ya mabruda wa Frères de la Charité. Shirika lao lilianzishwa na Padre Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, na katika mji huo walifanya kazi ya kuwatoa wagonjwa wa akili katika minyororo, naye Guislain akawa mganga wao. Je, yafaa sisi, miaka 200 baadaye, kumfunga mgonjwa kamba nyuma ya kanisa? Msiwazuie watu wasiende hospitali. Wapelekeni ninyi wenyewe, kisha msali nao njiani.

Twasema na jamaa. Si kazi yenu kumchimba mtu siri zake. Kazi hiyo ina mafundi. Yenu ni ndogo, nayo ni kubwa. Asipotaka kusema, msimlazimishe. Akitaka kusema, msimkate maneno, wala msimletee hadithi ya mwingine aliyeteswa zaidi. Msimwambie, "Mimi ningalifanya hivi." Akiamka usiku akipiga kelele, mwiteni kwa jina lake, mwambieni yuko wapi na leo ni siku gani. Na yule baba anayewapiga watoto kwa sababu ya vita vya zamani, aambiwe mambo mawili pamoja: kwamba ameumia, na kwamba hana ruhusa ya kuumiza.

Mwisho twasema nawe, ndugu au dada mtu mzima, unayesoma haya ukiona ya kuwa ni habari zako. Hukuwa mwoga siku ile. Mwili wako ulifanya ulivyoweza ili uwe hai, nao umekuwa hai. Miaka si kitu. Jeraha la miaka ishirini au thelathini bado hutibika, na tiba haitakufanya usahau wafu wako. Itakuwezesha kuwakumbuka bila kuzikwa nao. Tafuta mganga, mshauri, au mtu mmoja mwenye busara na siri, uanze na neno moja tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na kama wakikuambia tena, "Sahau," wajibu kwa adabu lakini kwa sauti: "Sitasahau. Nitatibiwa. Ni haki yangu."